Kwa nini nikibakiza nyota moja kupanda daraja napangiwa mizigo (wenzangu wasiojua kucheza)? Wajuzi wa ranki njooni

#1 Kobe Mwendo
Wakuu habari. Nisaidieni kabla sijalifuta hili gemu la risasi kwenye simu kwa mara ya nne.

Jana nimeshinda mechi tano mfululizo za ranki (zile za kupanda na kushuka daraja kwa nyota), wanne kwa wanne. Naingia solo, sina skwadi (timu yangu mwenyewe). Zote tano nilipata wenzangu wanaojua wanachofanya: mtu anatupa moshi kabla hujaomba, ukianguka unainuliwa, zoni (eneo salama la kuchezea) ikibana mnasogea pamoja. Nikabakiza nyota moja. Mechi ya sita: mmoja kakimbilia upande wa pili wa ramani peke yake, mwingine kasimama palepale tulipoanzia, hasogei mpaka anapigwa, raundi baada ya raundi. Wa tatu kaacha maiki wazi na nyuma yake kuna redio inalia. Ya saba hivyohivyo. Ya nane, ya tisa, ya kumi. Nimelala palepale nilipoamkia.

Ingekuwa mara moja ningesema bahati mbaya. Hili linanitokea kila nikikaribia kupanda. Nadai gemu linajua umebakiza nyota moja na linakushusha makusudi. Anayepinga alete hoja, asiniletee "jifunze kucheza".

#2 Popo
Jifunze kucheza.

#3 Dada Boksi
Hahaha Popo huna dogo. Naweka kambi hapa, hili limenisumbua msimu mzima.

#4 Chui wa Zoni
Kobe, hilo lilishajulikana siku nyingi. Wakongwe tunaliita nusu kwa nusu. Gemu halitaki mtu ashinde sana akachoka, wala apigwe sana akaondoka. Ukivuka nusu linakushika shati, ukishuka chini ya nusu linakusukuma. Fungua wasifu wako sasa hivi, tazama asilimia ya ushindi. Naweka dau ni hamsini na kitu.

#5 Kobe Mwendo
50.8. Duh.

#6 Mhasibu wa Risasi
Chui, umeiweka hoja kichwa chini miguu juu. Nusu kwa nusu ni matokeo, si amri ya mtu.

Mfumo wa ELO, ambao FIDE, shirikisho la sataranji la dunia, waliuanzisha 1960 kwa ajili ya sataranji, unampa kila mchezaji namba. Ukimfunga aliyekuzidi namba unapanda sana, ukimfunga mdogo unapanda kiduchu, ukipigwa na mdogo unaporomoka. Ukimzidi mtu pointi 200 unatarajiwa kuvuna karibu asilimia 76. Ukimzidi 400, karibu 91. Mkilingana, 50. Sasa kama kila siku mpangaji mechi (programu ya gemu inayochagua nani acheze na nani) anakutafutia wa saizi yako, utashinda ngapi? Umepanda ngazi mpaka kichwa kimegusa dari, halafu unasema dari limekufuata.

#7 Fundi Saa
Mhasibu, hoja imenyooka, historia imepinda. Si ELO kwa herufi kubwa, maana si kifupi cha maneno. Ni jina la mtu: Arpad Elo, mzaliwa wa Hungaria, profesa wa fizikia kule Marekani. Walioanza kuutumia 1960 ni shirikisho la sataranji la Marekani. FIDE waliuchukua 1970.

Na kuna kikwazo umekiruka. Elo aliutunga kwa watu wawili mezani. Sisi tuko wanane. Tukishinda, nani kashinda? Wewe uliyeangusha watatu, au yule aliyekaa dirishani anatoa taarifa hajaua hata mmoja? Microsoft walipokutana na tatizo hilo kwenye Xbox walitengeneza TrueSkill, wakaichapisha 2006. Humo kila mtu ana namba mbili: makadirio ya uwezo wake, na kiasi cha mashaka juu ya makadirio hayo. Mgeni anaanza na 25, mashaka yakiwa zaidi ya 8. Kila mechi inapunguza mashaka. Uwezo wa timu ni jumla ya wachezaji wake. (Kupima mashaka si wazo lao la kwanza, Mark Glickman alishalifanya kwenye sataranji miaka ya 1990, mfumo wake unaitwa Glicko.)

Gemu letu halijaweka hesabu zake hadharani. Lakini ukiona akaunti mpya inaruka madaraja kama panzi na wewe wa miaka mitatu unasota, dhana yangu ndiyo hiyo. Yule bado anapimwa. Wewe wanakujua tayari.

#8 Popo
"Wewe wanakujua tayari." Kobe pole sana, msiba mzito.

#9 Mhasibu wa Risasi
Nimekubali kuhusu 1960, asante Fundi. Hoja yenyewe haijaguswa.

#10 Kobe Mwendo
Sawa, lakini mimi namba yangu naiona. Nyota zipo pale kwenye skrini. Hizo namba nyingine mnazosema ziko wapi?

#11 Fundi Saa
Hapo ndipo wengi wanapopotea. Nyota ni pambo. Simaanishi hazina kazi, zina kazi ya kukufanya uendelee kucheza. Michezo mingi ya namna hii inaweka namba mbili tofauti: daraja unaloliona, na kipimo kilichofichwa ambacho mpangaji ndicho anachokisoma akikutafutia mechi. Mara nyingi havikai pamoja. Unaweza kuwa daraja la chini una kipimo kikubwa, au kinyume chake.

Kumbuka wiki ya kwanza ya msimu. Wote tumeshushwa madaraja mawili matatu. Unaingia mechi ya daraja la fedha unakutana na mtu mwenye beji ya ubingwa wa msimu uliopita anakutoboa kichwa ukiwa bado unafungua begi. Nyota zimefutwa, kipimo hakijafutwa, au kimefutwa nusu tu. Kwa mpangaji, wewe na yule ni watu wa mtaa mmoja.

Sasa turudi kwako. Umeshinda tano mfululizo. Nyota zako zimepanda tano, sawa, na kipimo kimepanda pia. Mechi ya sita unakutanishwa na wagumu zaidi. Wenzako wanaonekana mizigo kwa sababu wale wa upande wa pili ni wazuri. Wangekuwa wepesi, mizigo hiyohiyo ungesema ni wenzako wazuri.

#12 Kobe Mwendo
Fundi nakuheshimu, lakini mtu aliyesimama kwenye msingi, pale tulipoanzia, hasogei si suala la wapinzani kuwa wazuri. Alisimama raundi zote saba!

#13 Dada Boksi
Raundi saba? Yaani mlifika 3 kwa 3 mkiwa watatu?

#14 Kobe Mwendo
...ndiyo.

#15 Dada Boksi
Basi hao wawili wengine hawakuwa mizigo, Kobe. Muombe radhi mwenye redio.

#16 Jembe la Zamani
Mnakwenda mbali. Swali la kwanza mngemuuliza ni saa ngapi. Kobe, mechi tano za ushindi ulicheza saa ngapi, na tano za kichapo saa ngapi?

#17 Kobe Mwendo
Za ushindi jioni, kuanzia saa kumi na mbili. Za kichapo baada ya saa sita usiku hivi.

#18 Jembe la Zamani
Umejijibu. Ukibonyeza kitufe cha kuanza, mpangaji anatafuta watu wa kipimo chako walio mtandaoni, wanaotafuta mechi sekunde hiyohiyo, wenye pingi (muda wa mawasiliano kwenda na kurudi) inayoeleweka kwenye seva yako. Jioni wamejaa. Usiku wa manane wamelala. Anasubiri kidogo, hapati, anapanua wigo. Anasubiri tena, anapanua tena. Mwisho anachukua yeyote aliye macho. Ndio maana usiku ukisubiri dakika nzima, jiandae.

Mimi nilikuwa mlinzi wa zamu ya usiku, nacheza saa nane za usiku (niliacha, msinihukumu). Nilikuwa nakutana na watu walewale. Mmoja tulifikia kusalimiana. Leo yuko upande wangu, mechi inayofuata yuko upande wa pili ananipiga, tunacheka. Foleni ikiwa na watu wachache hakuna hesabu ya Mhungaria itakayokuokoa.

#19 Chui wa Zoni
Nyote mnaongea kama mpangaji mechi ni refa. Ni mfanyabiashara. Oktoba 2017 Activision, kampuni ya magemu, walipewa hataza (hati ya kulinda uvumbuzi) Marekani ya mfumo wa kupanga mechi ili kuchochea manunuzi ndani ya mchezo. Imeandikwa humo wazi: mgeni anapangwa na fundi mwenye silaha fulani, aitamani, aende dukani. Mwaka huohuo watafiti wa EA, kampuni nyingine ya magemu, na wa chuo kikuu cha UCLA wakatoa andiko linalosema mechi ya haki siyo lazima iwe mechi inayomfanya mchezaji abaki. Wakatazama matokeo yako matatu ya mwisho, wakakadiria hatari ya wewe kuacha, wakapanga mechi kupunguza hatari hiyo.

Kobe kafika nyota moja, kaporomoka, kafuta gemu mara tatu na mara tatu karudi. Niambieni haifanyi kazi.

#20 Fundi Saa
Chui, vyote viwili vipo, lakini malizia habari. Activision walisema ile hataza ilikuwa kazi ya utafiti na haijawekwa kwenye mchezo wowote. Na andiko la EA lilihusu mechi za mtu mmoja kwa mmoja, tena kwa kuigiza kwenye kompyuta. Si skwadi, si gemu hili.

Halafu kuna la 2024. Hao hao Activision walieleza jaribio lao kwenye Call of Duty: sehemu ya wachezaji walipunguziwa uzito wa kipimo cha uwezo kimyakimya, wapangwe kiholela zaidi. Asilimia 90 ya wachezaji kwenye jaribio walirudi mchezoni kwa kiwango kidogo kuliko kawaida. Waliofurahi ni ile asilimia 10 ya juu. Ukitaka mchezaji abaki, kumpanga na wa saizi yake tayari ni biashara nzuri, huhitaji hila nyingine.

#21 Chui wa Zoni
Hiyo ni taarifa ya muuzaji kuhusu mzani wake mwenyewe. Ila sawa.

#22 Mama Skwadi
Habari zenu vijana. Mimi nacheza na wanangu wawili na rafiki yao. Naomba niongeze swali langu maana linafanana. Wale watatu wako madaraja ya juu sana, mimi niko daraja la dhahabu. Tukiingia pamoja, wapinzani wanaokuja wananimaliza hata sijainua bunduki. Wanangu wanasema "Mama jifiche tu". Nikiingia peke yangu nashinda vizuri. Mpangaji ananihesabu vipi?

#23 Kobe Mwendo
Shikamoo Mama. Samahani, wanao hawana redio chumbani?

#24 Mama Skwadi
Marahaba. Anayo mdogo. Kwani vipi?

#25 Dada Boksi
Nimekufa.

#26 Mhasibu wa Risasi
Mama, swali lako ndilo gumu kuliko la mwenye uzi. Tuseme wao wana 2000 kila mmoja na wewe 1000. Jumla 7000, wastani 1750. Mpangaji wa wastani atakuletea wanne wa 1750. Kwa hesabu mmelingana. Kwa uwanja, kila mpinzani anakuzidi 750. Ukianguka sekunde ya 10, wanao wamebaki watatu dhidi ya wanne, na ule wastani umekufa hapohapo.

Kwa sababu hiyo wapangaji wengine hawatumii wastani mtupu, wanaegemea upande wa aliye juu. Wengine wanaongeza uzito kwa skwadi iliyokuja pamoja, kwa kuwa watu wanaofahamiana na kuongea wana nguvu kuliko wageni wanne wa kipimo hichohicho. Kwenu yote mawili yanawaangukia, mnapewa wagumu zaidi kwa sababu wanao ni wakali na kwa sababu mmekuja pamoja.

#27 Popo
Kwa kifupi Mama ndiye mzigo.

#28 Mama Skwadi
Mzigo huo ndio unaolipia bando la nyumba nzima. Endelea.

#29 Popo
Nimenyamaza, Mama.

#30 Mtoto wa Mwisho
Mbona hakuna aliyetaja boti, wale wachezaji bandia wanaoendeshwa na kompyuta? Mimi nikipigwa mechi tatu nne, inayofuata nawekewa boti waziwazi. Majina ya ajabu, wanakimbia mstari mnyoofu, wanasimama wakikupiga, risasi tatu ukutani moja kwako. Napiga kumi na tano, nafurahi, narudi kichapo kinaendelea. Kobe chunguza zile tano zako za ushindi.

#31 Kobe Mwendo
Acha kamba. Zile tano nilizitolea jasho.

#32 Fundi Saa
Mtoto, kumi na tano ni nadra wanne kwa wanne kwa namna unavyosimulia, wewe unaongelea ile ramani kubwa ya watu wengi. Tusichanganye. Na ile ya watu wengi hata hiyo nusu kwa nusu ya Chui haiwezekani, kwa sababu skwadi 25 zinagombea nafasi moja. Huko unalipwa kwa nafasi uliyomaliza na kwa idadi uliyoua, kwa hiyo mtu anaweza kupanda ranki kwa kulala kwenye nyasi.

Boti zenyewe hazina ubishi kama jambo. PUBG, gemu jingine la risasi, ya konsoli na kompyuta waliziingiza 2020 na wakasema wazi kuwa pengo la uwezo kati ya wageni na wakongwe limekuwa kubwa mno. Swali ni kama zinaingia kwenye mechi za wanne kwa wanne za ranki. Mimi sijawahi kuiona ambayo ningeiapia.

#33 Mtoto wa Mwisho
Mimi nimeiona. Iliitwa jina lenye namba nane mwishoni.

#34 Popo
Hilo ni jina la shemeji yangu.

#35 Mhasibu wa Risasi
Turudi kwa Kobe. Chukua shilingi, irushe mara 100. Uwezekano wa kupata mahali fulani mikia mitano mfululizo ni karibu asilimia 81. Shilingi haikuchukii, haina duka, haijui umebakiza nyota ngapi. Mtu anayecheza mechi 100 kwa msimu na kushinda nusu asipokutana na vichapo vitano mfululizo, huyo ndiye wa kutushangaza.

#36 Kobe Mwendo
Mhasibu, shilingi haianguki mikia *kila ninapobakiza nyota moja*. Hicho ndicho nilichouliza tangu bandiko la kwanza na hakuna aliyekigusa.

#37 Jembe la Zamani
Ana haki. Jibuni hilo.

#38 Dada Boksi
Ngoja nilete daftari. Sikutaka kulitaja maana mtanicheka.

Msimu huu nimeandika mechi 60. Kila mechi, kwenye ile skrini ya kupakia, kabla haijaanza, naangalia beji na madaraja ya wenzangu naandika herufi moja: M nikihisi mizigo, S nikihisi salama. Halafu matokeo. Halafu nilibakiza nyota ngapi. Mfano mstari mmoja hapa: "Mechi 31, M, tumeshinda 4 kwa 1, yule wa beji ya shaba ndiye kaua zaidi, nimejionea aibu."

Nilizoandika M ni 22, tukashinda 9. Nilizoandika S ni 38, tukashinda 20. Kwa hiyo pua yangu inanusa kidogo, si sana. Nilizobakiza nyota moja ni 11. Tukashinda 5, tukapigwa 6. Kichwani mwangu ningekuapia zote 11 tulipigwa. Nilipoona zile tano nilidhani nimeandika vibaya.

Ila kuna kitu sikukitafuta. Pembeni nilikuwa naandika kama nimekufa wa kwanza. Mechi nilizoingia papo hapo baada ya kupigwa, nilikuwa nakufa wa kwanza mara nyingi kuliko nilizoingia baada ya kuweka simu chini. Sijahesabu asilimia, ila kurasa zenyewe zinaonyesha: mechi ya 40 hadi 46, msalaba, msalaba, msalaba.

#39 Mhasibu wa Risasi
Dada, hili ndilo bandiko bora la uzi. Ukihitaji mhasibu wa daftari nipo.

#40 Chui wa Zoni
Heshima kwa daftari. Lakini 11 ni chache. Na hata 5 kwa 6 haiondoi kitu: pengine gemu halimfanyii kila mtu. Andiko la EA lilimtazama kila mchezaji kivyake.

#41 Dada Boksi
Kwa hiyo nikishinda gemu ni la haki kwangu, Kobe akipigwa ni hila kwake. Haipigiki hiyo, Chui. Chochote nitakachoandika kitaingia.

#42 Chui wa Zoni
Ndiyo uzuri wa kuficha kipimo. Wakiweka wazi nitanyamaza.

#43 Popo
Leo niongee la maana mara moja. Skwadi ni wanne. Upande wangu mimi si mzigo (tulieni), kwa hiyo zimebaki nafasi 3 za mizigo. Upande wa pili nafasi ni 4. Mizigo ikigawanywa kwa bahati, kwa mechi nyingi wapinzani wangu wataipata zaidi yangu. Ukiona miezi sita mizigo inaangukia kwako tu, mtu pekee aliyekuwepo kwenye mechi zote ni wewe.

#44 Chui wa Zoni
Popo, umeniogopesha, nilidhani mtu kaiba akaunti yako. Lakini umesema "kwa bahati". Mpangaji hagawi kwa bahati, anasawazisha. Chukua mechi ambayo timu zote zinatakiwa ziwe na wastani wa 1400, yaani jumla 5600. Wewe una 1600. Zimebaki 4000 kwa watatu, kila mmoja 1333. Kadiri unavyokuwa mzuri kuliko mechi uliyotupwa, ndivyo wenzako wanavyochaguliwa wabovu kukufidia. Hiyo si hila hata. Ni hesabu ya Mhasibu ikimtafuna mtu.

#45 Mhasibu wa Risasi
Hii siwezi kuipinga. Inatokea hasa foleni ikiwa ndogo, ile ya Jembe. Watu wakiwa wengi anaokota wanane wanaokaribiana na hakuna cha kufidia.

#46 Jembe la Zamani
Nashukuru kukumbukwa.

Niongeze lingine. Akaunti za kuazima. Mpwa wangu alipandisha akaunti yangu likizo nzima. Nilipoirudia nilikuwa daraja ambalo hata jina lake sikujua kulitamka. Wiki mbili nilikuwa mimi ndiye yule wa kusimama kwenye msingi, Kobe. Si kwamba sikutaka kusogea. Kila nikisogea nakufa, nikaona nibaki. Watu walinitukana lugha ambazo sizijui.

#47 Kobe Mwendo
Jembe, ilikuwa wewe?

#48 Jembe la Zamani
Ilikuwa mwaka juzi. Lakini pokea radhi zangu kwa niaba ya chama.

#49 Mtoto wa Mwisho
Mimi husimama hivyo simu ikipata moto. Skrini inaganda mechi inaendelea. Sauti nasikia, naona rafiki zangu wanakufa kama kwenye picha.

#50 Dada Boksi
Ondoa kava na usicheze ukiwa unachaji.

#51 Mhasibu wa Risasi
Kobe, la mwisho kutoka kwangu kwa leo. Kutoka daraja lako hadi linalofuata ni nyota 25, nyota moja kwa ushindi, moja inatoka kwa kichapo. Ukishinda asilimia 55, kila mechi 100 zinakubakizia nyota 10. Unahitaji mechi 250. Ukishinda 52, zinabaki 4, mechi 625. Wewe una 50.8, yaani nyota 1.6 kwa mechi 100.

#52 Kobe Mwendo
Usimalizie.

#53 Popo
Mechi 1,562 na kidogo. Nimemalizia mimi.

#54 Kobe Mwendo
Kwa hiyo mnaniambia hakuna njama, ila nitapanda nikiwa na wajukuu.

#55 Chui wa Zoni
Mimi nakwambia njama ipo na bado utapanda na wajukuu.

#56 Kobe Mwendo
Mrejesho. Jana jioni (jioni, Jembe, nimesikia) nimeingia na Popo, wawili. Tumeshinda tatu. Nikabakiza nyota moja. Mechi iliyofuata Popo kasimama msingini. Kumuuliza, anasema mtu kagonga mlango. Raundi mbili nzima mlango unagongwa. Tukapigwa 4 kwa 2.

#57 Popo
Nilikuwa nalipa deni la mtu. Na zile raundi mbili tulizopata umezipata ukiwa na boti mmoja, yaani mimi.

#58 Fundi Saa
Angalau sasa tuna jina la mzigo na sababu yake. Mara nyingi kwenye skrini yako anabaki kuwa beji ya shaba tu.

#59 Dada Boksi
Nimeandika kwenye daftari: "Mechi ya Kobe, nyota moja, Popo, mlango."

#60 Mama Skwadi
Kobe mwanangu, leo saa tatu usiku upo? Mkubwa ana mtihani kesho, tumepungukiwa mmoja.

#61 Kobe Mwendo
Nipo Mama, ila nimebakiza nyota moja.

#62 Mama Skwadi
Ingia tu. Redio nimeizima.